Taa Mpya za Gari la Mama

Jumamosi alikuja mnunuzi kuangalia gari la mama, nyumbani kwetu Chamazi. Gari lenyewe linanizidi umri, na mama anataka kuliuza ili abadilishe mabati ya nyumba yanayovuja. Nikajitolea kulipendezesha: viti nikavivalisha ngozi ya bandia yenye mishono myekundu, na taa za kiwandani zilizopauka nikazing'oa, nikaweka mpya za dukani, zinang'aa hadi aibu.

Mnunuzi, baba mtu mzima, alilizunguka. Akaigonga taa kwa ukucha.

"Binti, hii gari iligongwa wapi?"

"Haijagongwa, baba. Nimeiboresha."

"Mtu haondoi taa orijino hivihivi."

Mie chuoni ni mtu wa midahalo, kushindwa sijui. Nikashika kiuno, nikammwagia hoja. Kila nilivyotetea ndivyo alivyozidi kurudi nyuma.

"Sasa mbona unaitetea sana?" akauliza kwa upole.

"Wewe, nyamaza tuuze gari," mama akaninong'oneza.

Nilikuwa nimeshachelewa. Akiwa anaaga, yule baba akaziona taa za zamani nilizozitupa kando ya banda la kuku. Akaokota moja, akaifuta kwa shati lake, uso ukamchangamka.

"Hizi je, mnauza?"

Mama akaziuza kabla sijafungua mdomo. Gari bado tunalo, limependeza kama bibi harusi aliyeachwa ukumbini.

Jana mvua ilinyesha. Mama akatega beseni sebuleni, akanigeukia.

"Haya, msomi. Bishana nayo."