Filimbi Mbili na Ngoma Moja

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpigaji wa ngoma kubwa katika bendi ya kanisa letu, Makongeni. Ngoma kubwa hubebwa kifuani kwa mikanda ya ngozi, na anayeibeba haoni anakokwenda. Anachoona ni ukingo wa ngoma, na juu ya ukingo huo kisogo cha mpiga tromboni. Nilikuwa nimekitazama kisogo hicho Jumapili nyingi mno, kiasi kwamba nilijua ni lini mwenyewe amebadilisha kinyozi. Sikutaka cheo wala sifa. Nilitaka kuiweka ngoma chini na kupewa chombo chenye sauti zaidi ya moja.

Nafasi ilikuja ndani ya kasha. Kanisa fulani la ng'ambo lilitutumia vyombo vilivyokwisha kutumika, na chini kabisa, chini ya tarumbeta zilizobonyea, mlikuwa na filimbi mbili. Si filimbi ya refa. Ni ile ndefu ya chuma inayoshikwa kwa ubavu, yenye vifuniko vingi juu ya matundu yake. Ukibonyeza kifuniko, tundu linazibika na sauti inabadilika.

Filimbi moja ilikuwa na vifuniko vizima. Ya pili ilikuwa na vifuniko vitano vyenye tundu katikati, na hapo kidole chenyewe ndicho kizibo. Kidole kikikaa vizuri, noti inatoka. Kikisogea kidogo tu, unatoka upepo.

Kiongozi wa bendi alikuwa mzee aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi. Sote tulimwita Mwalimu, na yeye alituita sote vijana, hata sisi tuliokuwa na mvi. Alitangaza kwamba kwenye mkutano mkubwa wa mwaka, ambapo makanisa yote yangekusanyika uwanjani, angepanga filimbi moja tu.

"Filimbi mbili hazisikilizani," alisema. "Nimeishi nazo jeshini."

Waliojitolea kujifunza walikuwa wawili: mimi, na dada mmoja aliyekuwa akipiga matoazi. Dada huyo alitoka upande wa magharibi ya nchi na aliuza chai na chapati karibu na mabucha ya Soko la Burma. Mwalimu akasema tujifunze kwanza kwa wiki kadhaa, kisha tutembee na filimbi zetu Jumapili mbili, ndipo atachagua mmoja. Atakayeachwa atarudi alikotoka, yeye kwenye matoazi au mimi kwenye ngoma.

Desturi ya bendi ilikuwa kwamba aliyetumikia muda mrefu zaidi huchagua kwanza, iwe ni chombo, kofia au paja la kuku kwenye sherehe. Mimi nilikuwa nimetumikia zaidi. Niliomba nipewe wiki moja ya kutafakari. Mwalimu akashangaa kwamba kuna la kutafakari, lakini akanipa.

Shule niliiacha mapema, na mengi niliyoyajua niliyapata katika maktaba ya mtaa baada ya zamu ya kiwandani. Juu ya filimbi walikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilisema kwamba yenye matundu wazi ndiyo ya mabingwa: hewa hutoka kwa uhuru zaidi, mkono hulazimika kukaa inavyopaswa, na mpulizaji anaweza kuteleza kutoka noti moja hadi nyingine kwa kuondoa kidole taratibu. Cha pili kilisema kwamba msikilizaji akifumba macho hawezi kutambua tofauti. Mtu mwenye busara angekisoma hicho cha pili mara mbili. Mimi nilikirudisha mapema, ili wengine wafaidike nacho.

Nikachagua ya matundu wazi. Dada akaichukua ile nyingine, akabonyeza kifuniko kimoja, akakiachia.

"Hii yangu iko sawa, ndugu," aliniambia. "Nikifunika, imefunika."

Nilimhurumia. Nyumbani mke wangu aliigeuza filimbi yangu chini ya balbu kama mtu anayekagua mchele.

"Baba watoto, hii imetoboka."

"Imetengenezwa hivyo, mama watoto."

"Nani anatengeneza kifuniko na kukiacha na tundu? Sufuria ikiwa hivyo utaniambia wali haukuiva."

"Ni ili hewa ipite."

"Kama ni ili ipite, mbona wewe unaziba na vidole?"

Nilikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa marefu. Alikwenda kuchambua maharagwe, akaniacha nimalizie peke yangu.

Nilijifunza kwa utaratibu. Kila jioni nilikaa kwenye kochi, kiwiko cha kushoto kwenye mkono wa kochi, mgongo wima, kitabu mbele yangu kikiegemea birika. Kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto kiliwahi kubanwa na mashine ya kusokota nyuzi kiwandani, kikapona kikiwa kimepinda kidogo. Lakini nikiegemeza kiwiko, kidole kilifika kwenye tundu lake na kutulia. Nikazimudu nyimbo zote za bendi. Kwa upande wa nadharia sikuwa na shaka lolote, na kwa upande wa vitendo jirani aliyekuwa akigonga ukuta aliacha kugonga.

Jumapili ya kwanza ikafika. Ieleweke kwamba bendi yetu haikupiga ikiwa imekaa. Kazi yake ilikuwa kuwaokota waumini: tulianza kwenye nyumba za Makongeni, tukapita Kaloleni, tukazunguka kwa upande wa Soko la Burma, na kila tulipopita watu walitoka milangoni na kujiunga nyuma yetu hadi kanisani. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa miaka, nikiwa na ngoma kifuani. Na bado, katika wiki zote za kujifunza, haikunijia hata mara moja kusimama kutoka kwenye kochi. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyekaa, nami nilimfuata hadi kwenye kiti.

Barabara ilikuwa na mashimo, na asubuhi hiyo ya Julai ilikuwa na baridi ya kufisha vidole ganzi. Kila nilipotua mguu, kiwiko kisichokuwa na kochi kilishuka, kidole kilichopinda kikateleza, na mahali pa noti ukatoka upepo. Mbele yangu dada alitembea akipuliza, vidole vyake vifupi vikianguka popote juu ya vifuniko, na vifuniko vikamsamehe vyote.

Ngoma yangu alikuwa amepewa kwa muda muumini mmoja mwenye bucha Burma, mtu mwenye mikono ya kugawa paja la ng'ombe kwa pigo moja. Tulipokaribia mabucha akanusa nyama yake ikichomwa na msaidizi asiyemwamini, akaongeza mwendo. Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wakatupokea.

"Sasa budaa! Leo umeangusha ngoma?"

"Hiyo paipu yako inavuja, mzee. Peleka kwa fundi."

Tulifika kanisani kabla ya mchungaji. Mwalimu akaniita kando.

"Kijana, katika ule ubeti wa pili, ulikuwa unapuliza au ulikuwa unapumua?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

"Jumapili ijayo chagua kimoja."

Katikati ya wiki nilirudi maktaba, na humo, katika ukurasa wa kitabu cha pili ambao sikuwa nimeufikia, nikakuta kwamba wanaoshindwa na matundu wanaweza kuyaziba kwa vizibo vidogo. Mwandishi aliliandika jambo hilo kwa sentensi moja, bila hata kuona aibu kwa niaba yangu. Nikaenda kwa fundi wa viatu upande wa Majengo, nikamwekea filimbi juu ya magoti.

"Imetoboka wapi?" aliuliza. Kisha akaona. "Aa. Mara tano. Nani alikufanyia hivi?"

"Imetoka kiwandani hivyo."

"Pole sana, mzee."

Akatafuta kwenye gunia lake, akatoa kandambili ya buluu iliyokwisha kisigino.

"Utajali ikiwa ni ya mguu wa kushoto?"

Nilisema sitajali. Alikata vizibo vitano vya mpira, kimoja kimoja, akivipima kwa jicho na kuvinyoa kwa wembe hadi vikaingia bila kulegea. Vilikaa vizuri ajabu. Kwa nje ilionekana kama filimbi iliyoota ndui za buluu, lakini ukibonyeza, tundu lilizibika.

"Sasa ni kama ya yule dada," alisema mke wangu jioni.

"Karibu sawa."

"Si ungechukua ile tu?"

Nikamweleza kwamba yule dada alikuwa na filimbi moja, lakini mimi, kwa kuwa vizibo vinatoka na kuingia, nilikuwa na mbili. Aliniuliza kama ningependa chai.

Jumapili ya pili sikupoteza noti. Nilitembea, nilipuliza, kidole kilichopinda kilianguka juu ya mpira wa kandambili na mpira ukafanya kazi yake. Kwa mara ya kwanza niliiona barabara ya kanisa letu kwa ukamilifu wake: mabati ya Kaloleni, akina mama wakifunga vitambaa vya kichwa wakitoka mbio, mbuzi walioachwa wasubiri safari ya machinjioni Kiamaiko wakitutazama kama watu wazima. Sikuwahi kujua kuna vitu vingi hivyo njiani. Dada naye alipuliza vizuri. Mtu angefumba macho asingetutofautisha, kama mwandishi wa kitabu cha pili alivyokuwa amesema.

Tatizo lilikuwa ngoma. Mwenye bucha alipiga kana kwamba wateja wamepanga foleni. Tarumbeta zikamkimbilia, mpiga tromboni akaachwa nyuma, na waumini wazee tuliowaokota Makongeni tukawa tumewamwaga Kaloleni. Mwalimu alitusimamisha kwenye lango la kanisa. Alivua kofia, akaifuta kwa mkono ndani yake.

"Wapuliza filimbi ninao wawili, na wote mnatosha," alisema. "Mpiga ngoma ninaye mmoja, naye nimempa filimbi."

Nilielewa, lakini niliuliza hata hivyo.

"Mwalimu, kati yetu nani alipuliza vizuri zaidi?"

"Hilo sikulipima, kijana."

Mwenye bucha aliivua mikanda mabegani kwa furaha isiyofichika, akaharakisha kwenda Burma. Dada aliitazama filimbi yake, kisha akanitazama.

"Pole, ndugu," alisema, na alimaanisha. Lakini filimbi aliikumbatia kwa mikono yote miwili, nami sikumlaumu. Matoazi nayo yana uzito wake.

Kwenye mkutano wa mwaka uwanja ulijaa, na kila kanisa lilikuja na bendi yake. Nilifunga mikanda kifuani, tukaingia tukitembea kama kawaida. Ubeti wa tatu wa wimbo tuliochagua uliachiwa filimbi peke yake, na una sentensi ndefu ya muziki isiyo na mahali pa kuvuta pumzi. Mwalimu aliipenda hivyo, isikatwe. Katika zile Jumapili mbili nilikuwa nimejifunza kwamba mtu anayetembea hawezi kuimaliza kwa pumzi moja. Nilipokuwa na filimbi niliiba pumzi katikati, chini ya kelele za tarumbeta. Siku hiyo tarumbeta zilinyamaza, hapakuwa na kelele ya kujifichia, na nikamsikia dada, mbele ya kile kisogo, sauti yake ikianza kukonda.

Nilijua alipofika. Nilijua mapafu yake yamefika wapi na kidole gani kinafuata. Nikaliacha pigo lichelewe kidogo sana, kiasi cha mguu mmoja kuning'inia hewani. Bendi nzima ikaning'inia nao. Dada akavuta pumzi. Nikapiga, tukaendelea, na sentensi ikamalizika ikiwa nzima.

Baadaye, watu walipokuwa wakigawiwa soda, Mwalimu alikuja mahali nilipokuwa nikifungua mikanda.

"Ubeti wa tatu. Ngoma ilichelewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe huchelewi. Ndiyo sababu nilikurudisha hapo."

"Leo nilichelewa."

Alinitazama, akamtazama dada aliyekuwa akipangusa filimbi yake kwa pindo la leso, akionekana kutotusikia. Kisha akavaa kofia na kwenda kuwagombeza watu wa tarumbeta.