Matabishi ya Nusu Saa

Miaka yote niliyopika sabuni ya mawese hapa Rumonge, sikuwahi kuharakisha soda, ile kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ukiikatiza, sabuni inauma ngozi, na mteja anarudi na kipande mkononi, mdomo wazi.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka chuo cha Bujumbura na vichupa viwili vya unga mweupe uitwao zeolaiti. Ulikuwa wa memwari, andiko lake la kumaliza masomo. Maabara yao haikuwa na umeme. Mimi nina jiko, soda na mizani. Profesa alimwambia hakuna unga mwingine: vikiharibika vyote viwili, atasubiri mwaka.

"Unga huu unafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Kugeuza mawese yaliyochacha yawe mafuta ya mashine. Umejaa matundu, mujomba, na kazi yote inafanyika ndani yake. Lakini molekuli ya mawese ni kubwa, haiingii."

Nikaelewa. Baiskeli inayotoka Minago na bidoni tatu, madumu ya mawese, haipiti mlango wa duka langu. Biashara inabaki nje.

"Soda itakula kuta kidogo, milango ipanuke. Nusu saa, moto mdogo. Nikichelewa, epua, mwagia maji baridi." Akamimina kichupa cha kwanza kwenye sufuria ya maji ya soda, akaenda ufukweni kutafuta barafu kwa wauza samaki.

Nusu saa ikafika, hajarudi. Nikatazama saa mara mbili. Unga ulikuwa vilevile, na mimi sikutaka kumpa binti ya dada kazi nusunusu. Nikaupa matabishi, nyongeza ya bure kama ya mteja mwema: nusu saa nyingine, na kuni moja juu.

Aliporudi, akachungulia sufuria ya chuma.

"Unga iko wapi?"

"Iko humo."

Akachuja. Kitambaa kilibaki kama kilivyotoka dukani.

"Mujomba, nilikuomba milango. Umekula nyumba nzima."

Akakaa juu ya bidoni tupu, akikigeuzageuza kile kichupa cha pili. Barafu ikaanza kutona kwenye ndoo.

"Sasa mimi napika, wewe unashika saa," akasema. "Na usiniongezee kitu." Akabakiza kijiko kimoja cha unga kichupani, wa kulinganisha; uliobaki tukaupima, akautia kwenye soda.

Nusu saa ilipotimia nikasema "Toa!" kabla ulimi haujabadili nia. Akamwagia maji ya barafu, akachuja, akaosha, tukakausha. Nikapima. Nikapima tena. Nikatazama sakafu, kitambaa, hata mifuko yake.

"Imepungua."

"Iliyopungua ndiyo milango, mujomba."

Nimewafukuza watu dukani kwa upungufu mdogo kuliko huo.

Maabara ilipopata umeme, akauchoma unga kwenye tanuri lao, akaujaribu. Unga ambao haukuguswa na soda uliacha mawese karibu kama yalivyokuwa. Wetu uliyapunguzia uchachu vizuri. Memwari ikapita. Aliniletea nakala, kwa Kifaransa, na nikafika ukurasa unaosema jaribio la kwanza lilipotea kwa kuzidishiwa muda.

Ukurasa huo nimeusoma mara mbili. Hakuandika na nani.