Masikio ya Shemasi

Kila Jumatatu asubuhi, mwandishi wa safu ya sayansi katika gazeti letu la wilaya, huku milimani Tennessee, hukaa pale pale kwenye mkahawa wa Arvella, jirani na birika la kahawa. Huchonga penseli kwa kisu kidogo, hupuliza vumbi lake, kisha humsomea Arvella kila sentensi. Arvella akikunja uso, yeye hucheka na kuifuta. Kuna wiki alifuta zote, akaagiza mkate mwingine wenye mchuzi, akaanza upya huku akipiga mluzi.

Jumatatu hii Shemasi Hobart aliingia na karatasi yenye saini arobaini za kutaka safu ifutwe, kwa kuwa iliandika kwamba binadamu na nyani wana asili moja.

"Mwandishi, katika ukoo wetu hakuna nyani!"

"Karibu kiti, Shemasi. Hivi unaweza kuchezesha masikio?"

Arvella akaziba mdomo. Nani asiyejua kwamba Shemasi ndiye bingwa tangu shule? Shemasi akavua kofia, na masikio yakapanda, yakashuka. Wakulima walicheka hadi machozi, wakajaribu na wao, wakaambulia kukunja nyuso tu.

Mwandishi alipiga meza kwa furaha, penseli ikaruka. "Misuli hiyo ni urithi! Wahenga wetu wa kale kabisa walikuwa wakigeuza masikio kufuata sauti, kama paka. Kwetu imebaki tu, haina kazi."

 Shemasi akaikunja karatasi yake taratibu, akaitia ndani ya kofia.

"Jina langu liandike kwenye safu yako," alisema, "na useme yanacheza yote mawili. Hiyo sababu yako baki nayo."