Kengele ya Moshi na Sauti ya Mama Kanyere

Kahongya alikuwa amefunga taa na nyaya karibu Butembo nzima, kwa hiyo wafadhili walipoleta kengele za moshi za bure kwa nyumba za wapangaji, kazi ilimfikia yeye. Kiwanja cha kwanza kilikuwa Bulengera, vyumba vikiwa mlango kwa mlango kwenye ukumbi mmoja, na katika kimojawapo alikaa dada yake mdogo, Adèle, pamoja na watoto. Mwaka uliopita mbabula ya jirani, jiko lake la makaa, ilishika pazia. Tangu hapo umeme ukikatika, Kahongya alikuwa anafikiria mishumaa ya Adèle.

Wapangaji hawakuhama kupisha kazi. Alitoboa dari huku chini yake watu wakila, wakisukana nywele na kumsahihisha. Msahihishaji mkuu alikuwa Mama Kanyere, mpangaji mjane aliyepika maharagi ya kuuza pale uani, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi wa Musienene bila kutoka Bulengera.

"Hii kitu iko nasikia moto?"

"Hapana, mama. Iko nanusa moshi."

"Ikisha kunusa?"

"Inalia."

"Basi, donc ni mutoto. Na mwenye kuibeba ni nani?"

Kahongya alicheka. Mafunzo ya wafadhili hayakugusa suala hilo. Alipomaliza, akawaambia wote: ikilia, tokeni. Wakaitika vizuri, kama wanavyomwitikia mhubiri.

Kesho yake mchana, bila kumwonya mtu, akashika gazeti linalofuka chini ya kengele. Ikalia. Sasa, mtaani pale kilio cha ghafla kina maana moja tu: wezi. Majirani wakagonga sufuria, filimbi zikajibu ng'ambo ya barabara, wanaume wakaja mbio na fimbo. Wapangaji nao wakafanya walichofundishwa na miaka ya usalama mbaya. Walijifungia ndani.

"Adèle, toka!"

"Yaya, jifiche! Bezi beko!" akamjibu kaka yake kutoka ndani.

"Hakuna bezi! Ni kengele yangu!"

"Mbona basi bote beko nagonga sufuria?"

Kahongya akabaki na gazeti mkononi. Kengele ilifanya kazi vizuri kabisa. Moto wa kweli ungewakuta wote ndani, milango imekazwa kwa bidii.

Mama Kanyere peke yake alikuwa nje, maana maharagi hayaachiwi wezi.

"Moto hatuigongeake sufuria," akasema. "Moto tunaiitaka jina yake."

Akasimama katikati ya uwanja, akavuta pumzi, akauita kwa Kinande: "Omuliro! Omuliro!"

Makomeo yakaanguka. Watoto wakatoka kwanza, kisha magodoro, kisha Adèle, mtoto mgongoni na redio kichwani.

"Moto iko wapi?"

"Mu gazeti ya kaka yako," akajibu Mama Kanyere.

Wageni wa mradi walipopita, waliuliza kwa nini kengele moja imehamishwa kutoka katikati ya ukumbi, ikawekwa juu ya mlango wa mama mmoja.

"Mwenye kuibeba ikilia anakaa hapa," akasema Kahongya.