Korongo Waliganda, Sauti Ikaendelea

Kuna aibu ambayo mtu hutendewa na wengine, lakini hii yangu niliitengeneza mwenyewe, nyumbani kwangu, wiki nzima, kisha nikaipakata kwenye pikipiki kwa mikono miwili isianguke, nikaifikisha kanisani, nikaiunganisha kwenye vipaza sauti na kubonyeza kitufe.

Mimi, mama Kemunto, ni karani katika duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Ikonge, na mapenzi yangu makubwa, baada ya mume wangu Momanyi (naweka hivyo kwa sababu huenda akasoma), ni ndege. Kaka yangu alipoenda kufanya kazi ng'ambo aliniachia kamera yake, kamera ya maana, inayopiga video kali kiasi kwamba unaona unyoya mmoja mmoja ukitikisika. Kompyuta yangu sasa, hiyo si ya maana. Ni ile ya mezani, ya zamani, ukiifungulia video moja ya kamera hiyo feni yake inavuma kama posho mili ya kusaga mahindi, picha inasonga hatua moja, inapumzika, inafikiria maisha, ndipo inasonga nyingine.

Chini ya shamba la majani chai la Mzee Makori kuna kinamasi, na humo huja korongo, wale wenye taji la manyoya ya dhahabu, wakacheza asubuhi na kulea vifaranga kwenye matete. Mzee alikuwa ametangaza kwamba atachimba mitaro, akaushe mahali pale, apande mikaratusi. Sisi majirani tukamwomba asubiri kidogo, tukaitisha kikao kwenye ukumbi wa kanisa, tukamwalika afisa wa mazingira aje kueleza, nami (mdomo wangu huu!) nikasema nitaleta video ili kila mtu aone kinachotaka kupotea. Mzee akajibu kwamba sawa, ataitazama, halafu ataamua. Kwa hiyo mambo yote yakawa yamening'inia kwenye video yangu.

Asubuhi kadhaa tulijificha kwenye matete, mimi na Momanyi, kamera kwenye miguu yake mitatu, sisi tumeketi kando yake juu ya gunia, na kungojea ndege ni kazi ya kuchosha, mtu hawezi kukaa kimya muda wote huo, tukawa tunanong'onezana hili na lile. Ndege hawakujali. Kamera nayo ikawa inasikiliza.

Kuhariri ndiko kulikonishinda. Kompyuta ilikuwa inaganda kila nikiigusa, mpaka nikajifunza kutengeneza nakala nyepesi za video, picha hafifu tu za kufanyia kazi, halafu mwishoni programu inarudisha zile kali. Hata hizo nyepesi zilikwama. Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, nikazima sauti. Palikuwa na alama ya spika pale chini, nikaibonyeza, ikapigwa mstari, na kweli mashine ikapata nafuu, nikakata na kuunganisha kwa raha zangu, nikijua (yaani nikidhani) kwamba nimeiondoa sauti kwenye filamu yote. Kumbe nilikuwa nimejiziba masikio mwenyewe tu.

Tena kwa kiburi nikaitoa filamu ikiwa kali kabisa, bila kuipunguza hata kidogo. Faili likawa zito hata flashi ikalikataa. Momanyi alishauri niipunguze, picha ya projekta ya kanisa haina ukali wa kushangaza hata hivyo. Nikamwambia korongo hawa hawataonyeshwa wakiwa na ukungu. Basi ikabidi kompyuta yenyewe ibebwe kwenda kikaoni, na hivyo ndivyo nilivyojikuta nyuma ya bodaboda nimekumbatia sanduku la chuma.

Ukumbi ulijaa. Mapazia yalifungwa ili picha ionekane. Mzee Makori aliketi mstari wa mbele na mkewe, amevaa koti lake la Jumapili, fimbo katikati ya magoti. Kando yake aliketi afisa, kijana mpole wa kutoka Kilifi, asiyejua hata neno moja la Kigusii, na kwa ajili yake tulikuwa tumemwomba Mwalimu Nyakundi atafsiri kwa Kiswahili. Mwalimu Nyakundi ni mwalimu mstaafu, na kila Jumapili hutafsiri mahubiri kanisani kwetu. Ana maikrofoni yake, ana sauti nzito, na haruki neno.

Nikabonyeza kitufe. Korongo wakatokea ukutani, wakubwa, taji zao zinang'aa, na watu wakasema "aaa" kwa pamoja, nami nikajisikia mtu. Kisha mmoja akainua mguu, na picha ikaganda hapohapo, mguu hewani. Nikasema moyoni si kitu, itasonga. Haikusonga. Kilichosonga ni sauti, na sauti ilikuwa yangu, ikitoka kwenye vipaza sauti vya pembe zote nne za ukumbi, ikinong'ona kwa Kigusii safi.

"Mwone huyo wa kulia anavyonyanyua miguu, utadhani udongo unanuka. Si ni Mzee Makori akiingia kanisani amechelewa?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Nyakundi akainua maikrofoni yake, kwa mazoea ya miaka yote hiyo, akamgeukia mgeni.

"Anasema, mtazame huyo wa upande wa kulia jinsi anavyonyanyua miguu, utadhani udongo unanuka. Anauliza, je, huyo si Mzee Makori akiingia kanisani amechelewa?"

Afisa akaitikia kwa kichwa na kuandika.

Nilishika kipanya, hakisikii. Nikagonga vitufe vyote, hata vile ambavyo sijawahi kujua kazi yake. Kwenye vipaza sauti, sauti ya Momanyi ikauliza huyo wa nyuma aliyeinama ni nani, nami nikajibu ni mkewe mwenyewe, amebebeshwa Biblia zote mbili, na Mwalimu Nyakundi akatafsiri, Biblia zote mbili. Nikarukia nyaya. Nikavuta ya kwanza niliyoikuta, na ikawa ya projekta, kwa hiyo picha ikazimika, ukumbi ukawa giza, sauti ikabaki peke yake gizani kama redio.

"Lakini korongo ana akili kumshinda," ilisema sauti yangu. "Korongo hawezi kuikausha nyumba yake mwenyewe."

Hiyo nayo ilitafsiriwa. Ndipo nikaupata waya wa umeme, nikaung'oa.

Mtu akafungua pazia. Mzee Makori akasimama, akachukua fimbo, akaanza kutoka, na mlango uko mbali kutoka mstari wa mbele. Watu wote walijaribu kutoitazama miguu yake, wote wakaitazama. Alikuwa anainyanyua, kweli, mmoja baada ya mwingine, juu, anautua taratibu. Katikati ya njia akajua tunatazama, akajaribu kuiburuta kama watu wengine, akayumba, akashika kiti. Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani, lakini pale kwa mara ya kwanza sikujionea huruma mimi, nilimwonea huruma yeye. Mkewe akamfuata. Alipopita karibu nami aliniambia kwa upole kwamba Biblia ni moja, ile nyingine ni mkoba.

Baadaye nilimuuliza Mwalimu Nyakundi kwa nini hakunyamaza. Akasema aliitwa kutafsiri, hakuitwa kuchagua.

Kesho yake jioni tulienda kwa Mzee Makori, mimi na Momanyi, tukiwa na sukari na maneno tuliyoyapanga njia nzima. Alitusikiliza hadi mwisho huku akitazama mashamba. Sikuona dalili ya kusamehewa. Kisha akaniuliza kama hizo picha bado zipo, au niliziharibu nilipong'oa nyaya.

"Zipo, tata," nikasema, nikimwita baba kwa heshima.

"Nitakuja kuziona. Bila maneno yako."

Akaja kweli, nyumbani kwetu, akakaa mbele ya ile mashine, na safari hii nilikuwa nimeipunguza filamu na kuiondoa sauti kabisa, nikahakikisha, nikahakikisha tena, nikamwita na Momanyi ahakikishe. Tulikunywa chai tukiisubiri iamke. Korongo walipoanza kucheza, wakiinamiana, wakiruka na mabawa wazi, vifaranga wakichungulia kwenye matete, mzee aliisogelea skrini hadi pua ikakaribia kuigusa.

"Kumbe hufanya hivi," alisema. "Mimi huwasikia tu, mama Kemunto. Tangu magoti yaharibike sijashuka kule chini. Nikishusha mguu kama watu wengine, goti linaachia."

Nilimwongezea chai.

Aliitazama mara mbili zaidi. Alipoinuka kwenda alisema mikaratusi ataipanda huku juu kando ya barabara, kule chini atapaacha kwanza, aone mwaka utakavyokuwa. Hakusema ni kwa sababu ya video, wala hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Nimeapa kutotoa tena video yoyote kabla ya kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kompyuta ikigoma, hata ikichukua siku nzima, na nikiwa kwenye matete sasa nafunga mdomo (Momanyi anasema huo ndio muujiza wa kweli). Lakini yaliyotoka hayarudi. Mpaka leo Mzee Makori akichelewa kanisani, mlango ukilia tu, kanisa zima huinua macho kutazama dari kana kwamba linavuja, mimi nikiwa wa kwanza. Naye, akijua fika kwa nini tunatazama dari, huja polepole zaidi, mguu juu, mguu chini, hadi mstari wa mbele, na kabla ya kuketi hugeuka akanitafuta kwa macho.