Samaki wa Jina la Aibu

Makoye hawezi kukaa. Ukimuuliza mtu yeyote wa bondeni kwetu habari zake, hilo ndilo atakalokwambia kwanza, kabla hata hajakwambia kwamba ni Msukuma au kwamba ni mvuvi. Ukimpa kigoda anashukuru, anakisogeza ukutani, kisha anaendelea kusimama. Kanisani husimama nyuma karibu na mlango. Ugali anakula huku anazunguka uwanja, na mama yetu alishazoea kumfuata kwa macho kama mtu anayeangalia mpira.

Sasa mtu wa namna hiyo akachagua kazi ya ndoano! Wenzake wanaovua Mto Momba wanakaa ukingoni mpaka kaptula zinaota ukungu. Yeye ana fito tano, kila mmoja ameuchomeka kwenye kidimbwi chake, na kutwa nzima anatoka kwenye wa kwanza kwenda wa tano na kurudi. Njia aliyoikanyaga ukingoni ni nyeupe kuliko barabara ya kwenda Chitete.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hakubaki na ng'ombe. Baba yake, mzee Makene, alihama na mifugo kutoka Magu, wakahamahama miaka mitatu mpaka wakafika huku Momba, Makoye akiwa kijana wa miaka kumi na tano.

"Shemeji," akaniambia, na wakati huo hata hajamchumbia dada yangu, "ng'ombe walikuwa wananitembeza wao. Mimi nataka nitembee mwenyewe."

Kwetu alifika kwa sababu ya machicha. Mama yetu, Teresia, hupika pombe ya ulezi kwa ajili ya gulio, na machicha yanayobaki tulikuwa tunampa nguruwe. Makoye akaja kuulizia, akasimama mlangoni mguu mmoja ndani mwingine nje.

"Mama, machicha yenu mnayapeleka wapi?"

Dada yangu Mercy ndiye aliyejibu. "Kwa nguruwe. Kwani na wewe nguruwe?"

"Hapana. Ila naweza kupanga foleni nyuma yake."

Mercy akacheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo nguruwe wetu alianza kukonda.

Machicha hayo Makoye anayakanda na tope, anafinyanga donge kubwa kama chungwa, anatupa kidimbwini mahali palepale siku tatu mfululizo. Siku ya nne ndipo anatia ndoano ndogo ndani ya donge. Anasema ningu haumi, ningu analamba, kwa hiyo lazima umzoeshe kula kwako kama mgeni. Ningu ni jina alilokuja nalo kutoka kwao. Ni samaki wa rangi ya fedha, mapezi mekundu kidogo, na mdomo wake uko chini, umetazama ardhi, una midomo minene ya kukwangulia mawe. Watu wa kwetu walikuwa hawamjali kwa sababu ya miiba midogo midogo. Gulioni Makoye anapeleka kambale na perege. Ningu anakula mwenyewe, na ukimwona anavyomla, utajua mtu huyu amekumbuka nyumbani.

Mwaka wa 2013 ndipo akamtuma mshenga. Mshenga alikuwa mzee Hezron, dereva wa bodaboda ambaye pia ni mzee wa kanisa. Kwa mzee Makene ng'ombe walikuwepo wa kutosha, na baba yetu Nikodemo hakuwa na neno. Lakini mama yetu ni Mbemba upande wa mama yake, na mjukuu wa kwanza wa kike anasemewa na bibi. Bibi Rosemary anaishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tangu mumewe alipofariki kule Luapula. Hezron akaenda, saa tano za pikipiki na vumbi, akavuka Tunduma, akapiga magoti.

Nilikuwa naosha sufuria siku aliporudi kutoa majibu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Bibi hataki ng'ombe," Hezron alimwambia Makoye. "Anasema ng'ombe ni wa baba yako, wewe mwenyewe una nini? Nikamwambia wewe ni mvuvi. Akasema basi, mvuvi amletee samaki."

Makoye akapiga makofi, akazunguka sufuria zangu. "Samaki! Si angesema mapema? Samaki gani?"

Hezron akatazama juu. Akanitazama mimi. "Happy, kaangalie kuku."

"Kuku wako hapa hapa, mzee."

Akamvuta Makoye sikio, akanong'ona. Makoye akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

"Ananitukana?"

"Ndilo jina lake kwa Kibemba! Na sitalitaja tena, mimi nina cheo kanisani."

Nitaliandika mimi, maana bila hilo habari yote haieleweki. Kule Luapula samaki huyo anaitwa mpumbu. Ondoa herufi ya kwanza uone Kiswahili kinavyosema, halafu ufikirie mzee wa kanisa anavyolibeba neno hilo kutoka Nakonde mpaka bondeni.

"Hakukwambia yukoje?" Makoye akauliza.

"Alisema maneno mengine."

"Maneno gani?"

"Ya kibibi tu. Wewe si mvuvi? Tafuta. Ila ujue, tarehe ishirini na nane Desemba mjomba Edson anamchukua Mercy kwenda Ndola akakae dukani kwake. Samaki akifika kabla ya hapo, Mercy ni wako. Asipofika, mtoto anapanda basi."

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Mercy Ndola hakuitaka, alisema hivyo mbele ya mama na nyuma ya mama. Lakini neno la bibi huwezi kulivunja, na mtihani wa mkwe upande wa mke hawausaidii. Nilimpigia bibi simu nimuulize kwa ujanja, akanikatisha kwa hapana ya Kibemba: "Awe! Mvuvi haelekezwi na watoto wa shule." Mama aliposikia nimelitaja lile neno kwenye simu alinitupia kata.

Basi Makoye akaanza kufikiri kwa Kiswahili. Alisema samaki mwenye jina lile lazima awe wa mviringo, au awe anavimba, au awe na kitu kinachoning'inia. Safari ya kwanza alipeleka kambale mwenye ndevu, hai ndani ya ndoo, Hezron akiendesha na maji yakimmwagikia mgongoni. Bibi alichungulia, akasema, "Awe." Safari ya pili alipeleka perege mpana kama sahani. "Awe, mukwai," akaongeza heshima. Ya tatu alipeleka gogogo, yule wa miiba anayelia akitolewa majini, na alikuwa bado analia walipofika. Bibi alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Huyu anapiga kelele kama mshenga wako! Awe."

Kila akirudi anakuta fito zake zimeinama. Ningu. Kila siku ningu, maana walishazoea machicha ya Mercy. Nilimsikia mwenyewe siku moja anamng'oa ndoano na kumrudisha mtoni kwa hasira: "Toka! Leo sina shida na wewe! Unamalizia chambo cha watu!"

Mguu wake ulizidi kukosa utulivu. Alipanda mto mpaka kwenye mawe ya juu ambako maji ni ya kuruka, akashuka mpaka kwenye tope la chini. Halafu akakodi pikipiki mpaka Galula, kuwauliza wavuvi wa Mto Songwe. Sijui aliulizaje. Ninachojua ni kwamba alirudi na shati limechanika.

"Wamesemaje?" Mercy akamuuliza.

"Wamesema nikaoge, nijitazame vizuri, nitamwona."

Mercy alitaka kucheka, ikamshinda. Akaketi chini akaanza kulia, na Makoye akamzunguka, akamzunguka tena, mikono haijui iende wapi. Krismasi ilikuwa imebaki wiki moja. Mvua nayo ilikuwa imekataa.

Mvua ilishuka milimani baada ya Krismasi, na tarehe ishirini na saba asubuhi mto ukaja mwekundu. Nilikuwa likizo, nikakimbia kuangalia. Ningu walikuwa wanapanda! Makundi kwa makundi, mgongo juu ya mgongo, wanaruka mawe kama watoto wanaotoka darasani. Wanaume walikuwa wanawachota kwa vikapu. Makoye aliingia maji ya kiuno, akachagua wanne, majike yenye tumbo lililojaa mayai. Hakuwa na furaha hata kidogo.

"Hawa wa nini?" nikamuuliza.

"Wa Mercy. Atakula njiani. Kutoka Nakonde mpaka Ndola ni mbali." Kisha akageuza uso. "Kile cha bibi nimeshindwa, shemeji. Labda hakipo duniani. Labda ndiyo namna yao ya kusema hapana."

Akawabanika kwa moshi wa taratibu, akawafunga kwenye majani ya mgomba, na kesho yake akapanda nyuma ya Hezron.

Sisi tulikuwa tumetangulia. Stendi ya Nakonde ilikuwa na kelele zake, wauza mahindi, wapiga debe wa Kibemba na wa Kiswahili, malori yakiugulia kuelekea mpakani. Begi la Mercy lilikuwa limeshaingia kwenye buti. Mercy mwenyewe alikaa dirishani karibu na mjomba Edson, macho mekundu. Bibi Rosemary alikuwa kwenye benchi la muuza chai, mkongojo mapajani.

Makoye alifika na vumbi mpaka kwenye kope. Akamwamkia bibi kwanza, maana heshima haisubiri.

"Shikamoo, bibi. Sikumpata. Nimekuja kumpa Mercy chakula cha njiani, basi."

Bibi aliinama mbele. Pua yake ilikuwa imeshafika kwenye furushi. Akalivuta, akafungua jani la kwanza, akafungua la pili.

"Mayo!" akapiga kelele. "Mpumbu!"

Stendi nzima ikageuka. Hezron akavuta kofia ya chuma usoni.

"Hapana, bibi," Makoye akasema. "Huyu ni ningu."

"Mpumbu huyu!"

"Ningu, bibi. Mimi nimemvua tangu nina miaka sita, kwetu Mto Simiyu."

"Mimi nimemla kabla sijaota meno! Unanifundisha?"

"Makoye!" Mercy alitoa kichwa dirishani. "Wewe kubali tu!"

"Siwezi kukubali uongo, Mercy! Kesho akigundua siye, atakuja kukuchukua kwangu mchana kweupe!"

Dereva akapiga honi. Kondakta akaanza kusukuma watu ndani. Mimi nikataka nimfunge mdomo Makoye kwa kanga yangu. Mtu amepewa mke, anabisha!

Bibi akamnyooshea mkongojo Hezron. "Nilimwambia mshenga wako. Nilimwambia, anapanda mto mvua ya kwanza, tumbo limejaa mayai, na mdomo wake uko hivi," bibi akachomoza midomo yake mbele ya watu wote, "kama anayetaka kubusu mawe. Hakukwambia?"

Wote tukamtazama Hezron. Alivua kofia taratibu.

"Lile neno la... la midomo," akasema. "Siku ile nilikuwa nimetoka ibadani moja kwa moja."

"Na mvua ya kwanza? Na mayai?"

"Yote yalikuwa kwenye sentensi moja, bibi."

Makoye alimtazama samaki. Akamgeuza, akautazama ule mdomo kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imetulia.

"Bibi," akasema polepole, "uliposhtuka ulisema nini?"

"Nimesema mayo. Mama yangu. Kwani ninyi mkishtuka hamumwiti mama?"

"Tunamwita. Sisi Wasukuma tunasema mayu, na mama ni yuleyule." Akapangusa vumbi machoni. "Basi ni mpumbu," akasema, na safari hii alilisema kwa sauti, mbele ya wauza mahindi na wapiga debe, bila kuona haya hata kidogo. Wapiga debe wa upande wetu wakashangilia kama timu imefunga.

Mercy alikuwa ameshamruka mjomba Edson. Aliteremka huku basi linaanza kusogea, kiatu kimoja mkononi. Begi lake likaenda Ndola bila yeye, na lilikaa huko mpaka Februari.

Muuza chai akaleta kigoda. "Kaa sasa, mkwe," bibi akasema. "Ule."

Makoye alikitazama kigoda, akakisogeza ukutani. Miguu ilikuwa imeanza tena. "Bibi, nisamehe. Siwezi kukaa. Mto umejaa, ningu wanapanda, na hawapandi wiki nzima."

"Nani wanapanda?"

"Mpumbu, bibi."

"Ee. Natotela sana, asante. Nenda."

Akaenda. Alimgusa Mercy bega, akaruka nyuma ya Hezron ambaye hata chai alikuwa hajaimaliza, wakapotea katikati ya malori kuelekea mpakani. Bibi alibaki anachokonoa mayai ya samaki kwa kidole, anakula, anayatazama yale mavumbi.

"Na huyu ndiye utakayekaa naye?" akamuuliza Mercy.

"Hatakaa, bibi. Ila anarudi."

Bibi akafunga tena jani lake, akaliweka chini ya mkono mahali ambapo mimi nisingefika.

"Basi akirudi, aje na wengine wanne."