Mbao ya Zamani, Kitanda ya Mupya

Wakati ya vita, maternité, nyumba ya kuzalia, ya basista hapa Butembo ilijaa bamama benye kukimbia toka njia ya Beni. Balikuwaka banalala chini, ku mikeka. Bibi yangu, ule nilioa, alikuwa na mimba kubwa, na sikutaka azalie chini. Mi ni seremala. Nikasema: kitanda ya pale nitaitengeneza mi mwenyewe.

Lakini sista mukubwa alitoka Hispania juzi tu. Kiswahili, hapana. Kifaransa, kidogo sana. Mama mupishi wao, mwenye kukaa na basista ya Hispania tangu zamani, akanifundisha: kitanda ni cama, mbao ni madera, ya zamani ni vieja. Nikaona nimemaliza masomo.

Sasa, sisi baseremala tunasifia mbao ya zamani. Ya mupya inajikunja, inapasuka. Yangu ilikaa juu ya plafond, chini ya mabati, tangu mbele vita ianze. Basoda, baaskari, hawakuiona, na bale walifanya kuni ya kupikia hata na banc, viti ya murefu, za masomo yetu, pale nilifika darasa ya pili nikatoroka. Basi nikaleta kitanda ya kwanza, nikaipiga mukono na furaha: “Cama vieja, sista! Vieja, vieja!”

“No,” akasema, akafunga mulango.

Mupishi akacheka mpaka akashika ukuta. “Wee tata! Umemwambia kitanda imekwisha kulaliwa na batu! Kitanda ni nueva, mupya. Mbao ni seca, imekauka. Lakini banc ni seco, sababu banc ni mwanaume.”

“Nani aliichunguza?”

“Jifunze, tata! Bibi yako yuko karibu kuzaa.”

Nikajifunza. Kila nikisukuma randa, meza mwanamuke, banc mwanaume: mesa seca, banco seco, mesa seca, banco seco. Fuerte, ya nguvu, ile niliipenda, haichague mwanaume ao mwanamuke. Bibi yangu akauliza, “Mi unanisifu lini?” Nikamwambia, “Fuerte.” Akakubali.

Nikarudi ku basista, kitanda ku kichwa. “Cama nueva!” Nikagonga mbao. “Madera vieja. Seca. Fuerte!” Ile vieja yangu sikuiacha, niliipeleka tu pahali yake. Nikaikalia. Nikamwita mupishi, mama wa kilo mingi, naye akaikalia. Sista akatuangalia, akainama kusikiliza miguu ya kitanda, kisha naye akaikalia.

“Sí,” akasema. “Fuerte.”

Bibi yangu alizalia pale, juu ya libuyu yangu, ile mbao ya zamani. Kitanda haikulia. Mwenye kulia alikuwa mutoto tu.